Fundi Zege na Sauti za Ukumbini

Ndugu, majirani, mafundi wenzake na nyote mliofika kumsindikiza, wasifu huu ulikuwa usomwe na mama yangu, kwa kuwa marehemu ni mdogo wake wa pekee. Amesema sauti haitatoka. Nasoma mimi, mpwa wa marehemu. Nikikosea, mama yuko kiti cha mbele, atanisahihisha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Zege, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba cha ghorofani kilichopakana na ukumbi wa sinema. Baba yao alikuwa dereva wa lori. Mama yao, bibi yangu ambaye sikumkuta, alikatisha tiketi kwenye dirisha la ukumbi huo. Mtoto alizoea kulala huku risasi zinalia upande wa pili wa ukuta. Mama anasema kukiwa kimya ndipo alipoamka na kulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, mtaa wa pili kutoka kwao. Alikuwa darasa la nne ilipoletwa filamu ya "Mtu wa Zege", habari za mwashi aliyeangukia kwenye mashine ya kuchanganyia zege, akatoka na mwili usiopenywa na risasi. Ila kila akiokoa mtu, kiungo chake kimoja kinagoma kulainika tena. Kesho yake marehemu alijipaka unga wa saruji halisi, kichwa hadi miguu, akawa anaelekea bombani kujiosha. Bibi alimuwahi.

"Usiguse maji! Simama hapohapo, shujaa, nikufagie."

Akamfagia kwa ufagio wa uani, mtaa mzima ukitazama. Jina la Zege lilianzia hapo.

Mwaka 1983, marehemu akiwa kidato cha kwanza, Bibi alifariki. Ukumbi ulifungwa miaka michache baadaye na kugeuzwa ghala la mbao. Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1986, akasomea ufundi wa redio chuoni, na mwaka 1990 akafungua karakana yake, ileile mnayoijua, yenye mlango wa kijani. Alianza na redio na televisheni, simu zikaja baadaye.

Mwaka 1996 alimuoa fundi cherehani aliyempima suti ya harusi ya rafiki yake. Mkewe anasimulia kwamba siku hiyo ya vipimo, marehemu alimhadithia Mtu wa Zege mwanzo hadi karibu na mwisho, mikono juu, futi ya kupimia ikiwa kiunoni.

"Na mwisho wake?" akamuuliza.

"Watu hawakubaliani. Wengine wanasema alikufa, wengine wanasema alibaki sanamu, anasikia kila kitu."

"Sasa kaka, si ungesema mapema? Umenichosha bure."

Walijaliwa pacha, wa kike na wa kiume.

Intaneti ilipofika mtaani, marehemu aliitafuta ile filamu na kukuta haipo popote. Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa, na nakala zake zilikuwa zimetupwa au zimeoza. Mwaka 2003 akafungua tovuti, akaandika: "Mwenye chochote cha Mtu wa Zege, alete." Watu wakaleta, tena wengine kutoka nchi ambazo mimi nimeziona kwenye ramani tu. Walileta mabango, tiketi zilizochanwa nusu na vipande vya mkanda vifupi kama kiganja. Hivyo ndivyo ilivyokua hifadhi yake ya filamu hiyo, mtandaoni na katika chumba cha nyuma cha karakana. Mteja akisikia watu wanaongea chumba cha nyuma na kuuliza ni nani, Mjomba alijibu bila kuinua macho, "Wapo wengi. Sina hakika kama kuna aliye hai." Nikiwa mdogo nilikuwa nachungulia mlangoni. Nilikuta kompyuta na feni tu, lakini bado nilipiga hodi kabla ya kuingia.

Haya yafuatayo aliyaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa hifadhi, kwa hiyo simtolei siri.

Mwaka 2006 alipokea kanda ya kaseti. Kuna mtazamaji aliyekuwa ameingia kwenye ukumbi uleule wa mtaani kwao na redio ya kaseti mapajani, akarekodi filamu nzima. Ilikuwa imejaa vikohozi, viti na kelele za watoto. Marehemu akaiingiza kwenye kompyuta, na kanda, kwa uchakavu, ikakatikia ndani ya mashine. Akaisafisha ile sauti kwa wiki nzima, mpaka yakabaki maneno ya waigizaji tu, kisha akaihifadhi juu ya ile ya kwanza, nayo ya kwanza ikafutika. Mashabiki walimpongeza. Akamwita dada yake aje asikie.

Mama alisikiliza hadi pale shujaa anapoanguka, akauliza, "Mbona mama hayupo?"

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Kila onyesho alikuwa anafunga dirisha, anasimama nyuma kabisa. Watoto wakianza kulia hapa, anawaambia, 'Kaeni chini, hajafa huyo.' Ukumbi mzima unacheka. Umesahau?"

Marehemu akakumbuka kwamba mahali hapo alikuta sauti ya mwanamke inayofunika maneno ya shujaa. Aliisikia mara nyingi, akaifuta. Ilikuwa ya mama yake, naye hakuitambua.

Tangu hapo sheria ya kwanza ya hifadhi ni: *Tusisafishe.* Kila kinacholetwa kinawekwa na kelele zake. Naye alianza kutafuta kanda nyingine kutoka ukumbi uleule. Alitafuta kwa miaka, na aliposikiliza alifumba macho.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alienda kliniki na visikizi masikioni, akisikiliza kanda, na wauguzi walizoea kumgusa bega kwanza. Desemba iliyopita shabiki mmoja wa ng'ambo, tunayemjua kwa jina la Kiti cha Nyuma, alikuta kanda kwenye sanduku la marehemu baba yake, kinyozi aliyekuwa jirani na ukumbi wetu. Ilirekodiwa wiki ya mwisho ya maonyesho ya filamu hiyo, Bibi akiwa bado hai.

Tuliisikiliza pamoja, kitandani kwake. Shujaa akaanguka. Na hapo ukumbi wote, wakubwa kwa wadogo, ukasema kwa pamoja, "Kaeni chini, hajafa huyo!" Kumbe kufikia wiki ya mwisho kila mtu alikuwa ameshakariri maneno ya Bibi.

"Dada, ni yupi?" akauliza.

Mama aliomba irudiwe, na irudiwe tena. "Sijui, mdogo wangu. Wote wamefanana naye."

Kiti cha Nyuma alisema siku hizi zipo programu za kutenganisha sauti, moja moja. Marehemu alikataa. "Nilishamtoa mtu mmoja humo. Sirudii." Akaniagiza niandike chini ya kanda: *Watu ukumbini, akiwemo mama yangu.* Kisha akatusikilizisha kitu ambacho sisi hatukukigundua. Wenzake wote wakishanyamaza, kuna mtoto mmoja aliyechelewa, anamalizia peke yake, "...hajafa huyo." Mjomba akatabasamu. "Huyo ninamjua."

Alifariki wodini Jumamosi asubuhi, tarehe 8 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, pacha wake ambao sasa ndio wenye funguo za hifadhi, dada mmoja, wapwa, na mashabiki wengi ambao hatujawahi kuwaona.

Simu iliyo hapa mezani inarekodi. Pacha wataiweka hifadhini, na kwa sheria yake mwenyewe hakuna kitakachofutwa. Kwa hiyo anayetaka kukohoa akohoe, na watoto wasinyamazishwe. Siku moja kuna mtu atafumba macho, atusikilize, akimtafuta mmoja wetu.

Mungu ampe pumziko jema, na sisi tusikike.