Isidori Aloisi Munishi, Mume wa Siku Tisa

Ijumaa ya tarehe 14 Aprili 1978, huko Umbwe, Kibosho, mkoani Kilimanjaro, Mama Josepha alijifungua mtoto wake wa kwanza. Baba, marehemu Mzee Aloisi Munishi, alikuwa shambani akikata majani ya ng'ombe. Alipoitwa aliuliza kwanza kama ni wa kiume, halafu akauliza kama kahawa ya msimu ule itatosha kumsomesha. Swali la kwanza lilijibiwa palepale. La pili halikujibiwa mpaka mzee anaingia kaburini. Wiki mbili baadaye mtoto alibatizwa kwa jina la Isidori.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari Moshi Mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1996. Hesabu hazikumsumbua hata siku moja. Mdogo wake Matilda, anayewasomea wasifu huu, anakumbuka alivyokuwa akitumwa dukani na kaka yake. Chenji ikipungua shilingi tano, Isidori alikwenda mwenyewe kuidai. Ikizidi shilingi tano, alikwenda mwenyewe kuirudisha, na njia ni ileile, mlima ni uleule. Kahawa ilipoanguka bei baba alimwita akamwambia, "Mwanangu, mimi nimefika hapa." Mwaka 1998 marehemu akaja Dar es Salaam, kwa baba yetu mdogo, Magomeni Mapipa. Mchana alibeba majora ya vitambaa Kariakoo, jioni alisomea uhasibu. Cheti chake cha kwanza alikipata mwaka 2003. Ule mtihani mkubwa wa uhasibu, wa kumfanya mtu aitwe CPA, aliufaulu Novemba 2013, baada ya kuufanya mara nne. Aliamini karatasi ile ndiyo ufunguo. Sote tuliamini.

Tarehe 2 Juni 2003 aliajiriwa kuwa mhasibu wa duka la jumla la vitambaa la Mzee Devendra, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa mshahara wa shilingi elfu tisini kwa mwezi. Hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipougua. Mzee Devendra tuko naye hapa leo, na hatukuja kumsema vibaya. Hakuwahi kuchelewesha mshahara. Ila ulikuwa mdogo, naye mwenyewe alikuwa akisema hivyo. "Isidori," alimwambia mwaka mmoja, "nikikupa wewe milioni, mwanangu Urvish nimpe nini? Duka ni hilihili." Marehemu alituhadithia huku akicheka, lakini chakula chake siku ile hakukimaliza.

Pale dukani kuna desturi. Kila Diwali, sikukuu ya Wahindu, Mzee Devendra hufungua daftari jipya la mwaka, mkewe Mama Ranjanben hulitia alama nyekundu kwa kidole na kugawa mithai, vile vitamu vyao, kisha wafanyakazi huitwa mmoja mmoja kuambiwa nyongeza zao. Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Nasi Wachaga, kama mnavyojua na mnavyotutania, Desemba hatushikiki, tunapanda nyumbani, na arusi zetu nyingi hufungwa hukohuko. Kwa hiyo marehemu alijipangia hesabu nzuri: Diwali nyongeza, Desemba ndoa. Aliipanga hesabu hiyo kwa miaka kumi na minane.

Maana mwaka 2005 alikuwa amempata Euphrasia Shirima, binti wa Rombo, fundi cherehani. Euphrasia alikuja dukani na kitambaa alichouziwa, akidai kimepunjwa. Wauzaji wakamzungusha. Isidori akatoka kwenye meza yake na futi kamba, akakipima mbele ya watu, kikapungua nusu mita, naye akaikata nusu mita ile kutoka jora lingine na kuilipia mwenyewe. Euphrasia anasema hakuwa na haja tena ya kupima kitu kingine. Mwaka 2006 walianza kuishi pamoja katika chumba kimoja Magomeni. Mwaka 2007 akazaliwa Aaron, mwaka 2012 akazaliwa Nice.

Ndoa ikangoja mshahara. Marehemu alikuwa ameweka kiwango: siku atakayolipwa milioni moja kwa mwezi, ndiyo siku atakayokwenda Rombo kutoa mahari na kumpeleka Euphrasia kanisani. Mama mkwe wake, Mama Evarista, alituma ujumbe mara tatu: "Mwambieni alete pombe ya mbege na blanketi langu la mahari, mengine tutasameheana." Hakwenda. Alisema hawezi kumtoa mtoto wa watu kwao kwa mshahara wa laki na nusu. Tulipomwambia aitishe michango kama wafanyavyo watu wote Bongo, alisema watu watamchangia kadiri alivyowachangia, naye anajua alichowachangia. Na kweli alijua, kwa sababu alikuwa mweka hazina wa kamati za arusi ishirini na saba, hapa Magomeni na kule Kariakoo. Walimpa fedha zao kwa kuwa hakuna senti iliyowahi kupotea mkononi mwake. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: kaka yetu alikuwa na kiburi, kile kiburi cha mtu wa kipato kidogo ambacho yeye hukiita heshima. Kiburi kile kilimgharimu mtu mwingine.

Mwaka 2014, akiwa na CPA yake mkononi, aliitwa kwenye usaili wa shirika moja kubwa la hapa mjini. Nafasi zilikuwa nne na waombaji zaidi ya elfu moja na mia tisa. Walichujwa kwa mtihani wa kuandika, wakachujwa tena, wakabaki kumi na wawili, na Isidori akiwamo. Euphrasia alimshonea suruali mpya. Alijibu kila kitu. Mwisho wakamwuliza angependa kulipwa kiasi gani. Ndugu zangu, huyu ni mtu aliyekuwa amekaa Kariakoo miaka kumi na sita, kila siku akisikia watu wakitaja bei ya juu ili washushwe. Siku ya kujiuza yeye mwenyewe akaanza na bei ya mwisho.

Alirudi nyumbani saa tisa mchana, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Wamesemaje?" Euphrasia akamwuliza.

"Wameniuliza mshahara. Nikasema laki sita."

"Sasa si ni kubwa? Si mara mbili ya anayokupa Mhindi?"

"Mmoja wao akafunga faili. Akaniambia, 'Kijana, hapa tunaanzia milioni moja na laki nane. Mtu anayejiuza kwa laki sita tutamkabidhije mabilioni ya watu?'"

Euphrasia akamwuliza kwa nini hakutaja hiyo milioni aliyokuwa akiiota siku zote.

"Niliogopa watanicheka," akasema.

Baada ya hapo aliandika barua nyingine nyingi za maombi. Aaron amezikuta nakala mia moja na kumi na mbili ndani ya sanduku. Wengi hawakujibu. Waliojibu walitaka uzoefu katika taasisi inayotambulika, na duka la vitambaa, hata ukilitunzia vitabu vyake miaka kumi na mitano, haliitwi taasisi. Mwaka 2023 alitimiza miaka arobaini na mitano, na matangazo mengi ya kazi yanaishia umri huohuo. Siku ile alilikunja gazeti akalifanya la kufungia maandazi. Dukani alikuwa amefikia laki sita na nusu. Na milioni aliyoiwekea nadhiri mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuzeeka. Vitu vilevile alivyovipigia hesabu sasa vilitaka milioni mbili na nusu. Aliikimbilia nayo ikawa inasogea.

Kanisani, kwa kuwa aliishi na mwanamume bila ndoa, Euphrasia alibaki kwenye benchi. Wengine wakisimama kwenda kupokea komunyo, yeye alisogeza magoti ili wapite. Alifanya hivyo kila Jumapili. Oktoba 2022, Nice alipopokea komunyo yake ya kwanza, aligeuka na gauni lake jeupe alilolishona mama yake, akamshika mkono: "Mama, twende wote." Euphrasia akamwambia, "Nenda mwanangu, mimi nitakuja." Isidori alikuwa ameketi pembeni. Alitoka nje akasimama kwenye maegesho mpaka misa ikaisha. Jioni alimwambia Euphrasia, "Diwali hii, nakuapia." Diwali ile aliongezewa elfu thelathini.

Juni 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni kukaa sana kwenye kiti. Agosti alipelekwa hospitali Upanga, tukaambiwa figo zote mbili zimechoka na damu yake itabidi isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki. Kila mara moja ni laki mbili na elfu thelathini. Bima yake ilikuwa ndogo, ikaisha mapema. Mzee Devendra alilipia mara kadhaa, jumuiya ya kanisani ikalipia mara kadhaa, cherehani moja ya Euphrasia ikauzwa. Marehemu alikuwa akiulizia kila risiti, anaikunja, anaiweka chini ya mto. Tulimkataza, hakuacha.

Alhamisi tarehe 31 Oktoba ilikuwa Diwali. Mchana Mzee Devendra na Mama Ranjanben walikuja wodini na boksi la mithai na bahasha. Mzee alikuwa bado na alama nyekundu kwenye paji la uso. Alisema maneno machache: "Isidori, nimefungua daftari. Nimeanza na jina lako." Ndani ya bahasha kulikuwa na barua, kwamba kuanzia mwezi wa Novemba mshahara wake ni shilingi milioni moja.

Marehemu aliisoma mara mbili. Akamshukuru mzee kwa adabu zote. Walipoondoka alimpa Matilda ile barua akamwambia, "Matilda, gawanya kwa laki mbili na thelathini."

Matilda akagawanya. "Mara nne, kaka. Na chenji kidogo."

"Wiki moja na siku moja," akasema. Kisha akajifunika shuka usoni akalia, na Matilda hakuwahi kumwona kaka yake akilia, hata siku ya kumzika baba.

Kesho yake alimwomba Matilda amwite padre. Padre alipokuja, marehemu alianza kumweleza habari za mahari, ukumbi, pete, na kwamba amejaribu. Padre alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Isidori, sakramenti haina bei. Hata mwaka 2006 haikuwa na bei." Aliyasema kwa upole, lakini sisi tuliokuwapo tunayasikia maneno yale mpaka leo. Tungeweza kumwambia sisi. Tulikuwa tukimpa fedha za arusi zetu atutunzie.

Hivyo basi, marehemu Isidori Aloisi Munishi alifunga ndoa takatifu na Euphrasia Shirima siku ya Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa tano asubuhi, wodini. Mama Evarista alipigiwa simu Rombo, akasema, "Fungeni. Blanketi langu nitajinunulia mwenyewe." Pete zilikuwa za kuazima, za Matilda na mumewe. Shahidi wa upande wa bwana arusi alichelewa kwenye foleni ya Jangwani, mvua ilikuwa imejaza bonde, basi Mzee Devendra, aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa, akasimama mahali pake, padre akaridhia, naye akatia sahihi. Ibada yote ilichukua dakika ishirini na tano. Bibi arusi alivaa gauni la kitenge alilokuja nalo. Padre alipompa komunyo, Euphrasia aliipokea kwa mikono miwili, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele.

Ndoa hiyo ilidumu siku tisa. Jumatatu tarehe 18 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa kwenye mashine, moyo ulisimama. Mshahara wa Novemba, ule wa milioni, Mzee Devendra aliuleta msibani jana, mzima mzima, na Euphrasia hakujua auweke wapi.

Kuna jambo moja ambalo familia iliona lisifichwe. Katika shajara ya marehemu ya mwaka 2006 Aaron amekuta bajeti ya arusi, kwa mwandiko wake safi: mahari, mbege, mbuzi wa ndafu, ukumbi, magari, keki. Jumla ni shilingi milioni tatu na laki mbili. Kamati hii ya mazishi, tangu Jumatatu mpaka jana Jumatano, imekusanya milioni tisa na laki nne, na hatukumfuata mtu, mlileta wenyewe. Tunawashukuru sana. Tulipata shida ya kupata mweka hazina, maana kila tuliyemuuliza alisema, "Si yupo Isidori?"

Leo Alhamisi tarehe 21 tunamuaga hapa Magomeni, kesho alfajiri tunampandisha nyumbani, na Jumamosi tarehe 23 atalazwa Umbwe, pembeni mwa baba yake. Ametangulia Desemba kwa wiki moja tu.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Josepha. Mdogo wake, Matilda. Watoto wawili, Aaron wa kidato cha nne na Nice wa darasa la saba. Na mke wa ndoa, Euphrasia. Kwenye nakala ya kwanza tuliandika "mke" peke yake. Euphrasia aliirudisha kwa mchapaji, akaomba maneno mawili, "wa ndoa", yaongezwe, na gharama ya kuchapa upya akailipa mwenyewe.

Pumzika kwa amani, kaka yetu Isidori, huko ambako hakuna atakayekuuliza unataka kulipwa shilingi ngapi.