Siku Nilipoita Wimbo na Hakuna Aliyeitikia

Rafiki yangu, wewe uliyenisogezea nafasi kwa benchi asubuhi, nitaongea nikikuangalia wewe, kwa sababu nikiwaangalia nyote nitaogopa. Akina mama wa Kalamba, mimi nimetoka ng'ambo, upande wa Kanyangi, na Mungu amenifikisha. Sikuja kuhubiri. Nimechoka, sitawaficha, kwa hivyo nikiketi katikati ya maneno mnivumilie.

Kwetu mimi ndiye huanzisha wimbo. Tuko na mwethya, akina mama kumi na wawili, tunalimiana. Leo tunachimba fanya juu, ile mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa yule. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, jembe zinashuka pamoja. Na mnajua yule anayeita ana ruhusa ya kusema kwa sauti kile wengine wanasema wakiangalia nyuma.

Lori zilipoanza kubeba mchanga kwa mto wetu, nikaita hivi: Mchanga ukienda, maji yatalala wapi? Wao wananijibu, Yatalala wapi? Kwa Kikamba ni tamu zaidi. Wimbo mfupi, lakini ulitembea. Watoto waliimba wakienda shule. Uliimbwa kwa baraza mpaka chifu akaangalia viatu vyake. Kwa sababu zamani ukichimba mchanga kwa mkono, maji yalikuwa hapa, kwa kiwiko. Lori zikaja, ikawa mtu anaingia shimo mzima na mwenzake amemshika miguu.

Kisha akaja mwenye lori. Simtaji, hata mkiniuliza huko nje. Alikuwa anatafuta kiti, uchaguzi ulikuwa karibu. Alikunywa chai yangu vizuri sana, akasema sauti kama yangu ni ya kujenga, si ya kugombanisha watu. Angeniletea tangi la maji, lile kubwa jeusi. Yeye alitaka tu niimbe wimbo uleule kwa mkutano wake, lakini na maneno yake.

Ndugu zangu, wakati huo msichana wangu alikuwa anakosa shule akipanga foleni ya maji. Nilikuwa nimeombea maji mpaka magoti yakakauka. Tangi liliposhushwa kwa pikapu, nikapiga magoti hapo hapo. Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho Mungu hakuleta.

Aliniachia karatasi yenye hayo maneno yake. Mimi nilijua kusoma nikiwa mtu mzima, kwa gumbaru, jioni baada ya kukamua mbuzi. Na karatasi ya kwanza niliyowahi kusoma mbele ya umati ikawa hiyo.

Siku ya mkutano nikashika maikrofoni, nikaita: Mheshimiwa akija, maji yanakuja naye. Wenzangu walikuwa wameketi mbele, kwa nyasi. Wakaniangalia. Nikaita tena. Nilisikia jenereta tu. Mama mmoja akafunga mtoto mgongoni akaenda. Mara ya tatu wakaitikia vijana wa mheshimiwa, vibaya, kama watu wanasukuma gari. Yule wa kuongoza mkutano akacheka akasema, "Akina mama leo hawajapewa chai."

Baada ya hapo niliacha mwethya. Hakuna aliyenifukuza, mimi ndiye niliacha. Kanisani nilifungua mdomo na hakuna kitu kilitoka. Tangi lilijazwa mara mbili, halafu gari la maji likasahau njia ya kwangu. Mzee wangu, baba watoto, akaniambia, "Sasa tuko na tangi na hatuna majirani." Yeye si mtu wa maneno mengi.

Mvua ikakaribia, shamba langu halijachimbwa. Asubuhi moja nikasikia jembe. Nikatoka nikaona wote kumi na mmoja wako kwa shamba. Mkubwa wetu, tunamwita mwaitu, ni kama kusema mama yangu, akaniambia, "Ni zamu yako. Hatukuiruka."

Wakachimba bila wimbo. Mnajua kazi hiyo ikikosa wimbo, kila jembe inaanguka saa yake, na saa tatu haijafika watu wamekwisha. Mwaitu akanyoosha mgongo.

"Unangoja tukufie hapa?"

Nikamwambia naona aibu.

"Aibu ni yako, imba nayo. Sisi tunataka ule wa kwanza."

Nikaita. Sauti ilikatika katikati. Wakaitikia. Nililia nikichimba, na hakuna aliyesimama kunibembeleza, kazi ilikuwa nyingi.

Wiki iliyofuata tulienda tukaketi pale lori zinateremkia mtoni, tukiimba, siku baada ya siku. Tangi tukalipeleka shule. Dereva mmoja alizima injini akasikiliza. Mwingine akatuambia twende tukapike. Askari wakauliza kiongozi ni nani. Mwaitu akasema, "Ni huyu, na akichoka ni sisi."

Sitawadanganya. Pale pa kuteremkia palifungwa, lakini lori zilihamia kona nyingine ya mto, na huko pia tunaenda. Ndiyo maana mnaniona nimechoka hivi. Mchanga umerudi kidogo na mvua. Maji sasa yako kwa bega.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale kumi na mmoja, na mwalimu wangu wa gumbaru, aliyeniambia baadaye, bila kunigombeza, kwamba karatasi ya mtu mwingine isome kwanza peke yako mpaka ujue inataka nini. Na wewe uliye na kipawa cha kuimba, nakuomba kama dada. Wimbo wa kulilia watu si wa yule anayeita, ni wa wale wanaoitikia. Usiuuze, huna ruhusa.

Sasa mkirudi kwenu, na wale mnaopitia Matiliku siku ya soko, waambieni watu habari hii. Wimbo wakitaka wachukue, waweke jina la mto wao. Lakini msiruke pale niliposhika maikrofoni. Kuna mama mahali fulani amenyamaza kama nilivyonyamaza, na habari hii ikimfikia, imfikie nzima.