Aliogopa, Hakuachia

Ndugu, jamaa na majirani, baba yetu mlimwita Mwoga, na mlimwita hivyo mbele yake, naye akacheka. Familia imeona si vibaya jina hilo litajwe hapa kaburini, maana mwenyewe alilipenda kuliko vyeo vyote alivyopewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshonaji nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo dirisha lake la nyuma lilitazamana na mlima wenye theluji. Bibi alitusimulia kwamba mtoto huyo hakukubali kulala mpaka pazia livutwe. Akiulizwa sababu, alijibu, "Ule weupe unanitazama." Watu wazima walicheka, wakasema ni utoto.

Alisoma katika shule ya jirani na kumaliza kidato cha nne mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga, ila ramani aliisoma kama mtu anayesoma uso wa mama yake. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika bohari ya chama cha wapanda mlima, kazi yake ikiwa kukagua kamba. Alizipitisha mkononi akiwa amefumba macho, akitafuta uzi uliolegea. Kamba aliyoitilia shaka aliikata vipande papo hapo, mtu asije akaichukua kwa ubishi. Viongozi wa misafara walinung'unika, "Mwoga huyu atatumalizia kamba!" Hapo ndipo jina lilipoanzia. Baadaye naye akawa kiongozi, na wapandaji wakaanza kugombania kwenda naye.

Kilele chetu kilikuwa kimepandwa zamani kwa upande wa mashariki, wenye mteremko wa huruma. Ukuta wa magharibi, ambao ni barafu tupu, kila aliyeujaribu alirudi njiani au hakurudi kabisa. Januari 1978 marehemu, rafiki yake seremala na mpima ardhi mmoja walifika juu kwa ukuta huo, watu wa kwanza kufanya hivyo. Balaa lilikuwa kwenye kushuka. Walipokuwa wakivuka uwanda wa barafu, theluji iliyofunika ufa ilikatika, na mpima ardhi, aliyetangulia, akazama. Kamba ilimburuta marehemu kifudifudi hadi karibu na mdomo wa ufa ndipo shoka lake la barafu liliposhika. Alilala pale, uzito wa mtu mzima ukining'inia kiunoni mwake, na barafu chini ya kifua chake ikilia ta! ta! kama kuni mbichi motoni.

Sauti ikatoka shimoni: "Kata kamba! Tutakufa wote!"

"Nyamaza!" alijibu marehemu. "Naogopa, na ukiongea naogopa zaidi!"

Seremala, nyuma yake, alikuwa akikita vigingi na kufunga kapi la kumvutia mwenzao. Alisema, "Vumilia kidogo tu, ndugu yangu."

"Usiniambie kidogo. Fanya kazi."

Seremala alizoea kusimulia kwamba marehemu alitetemeka mwili mzima, meno yakigongana, machozi yakimgandia mashavuni. Hakuachia. Mpima ardhi alitolewa akiwa hai, naye yuko nasi leo, amekaa mstari wa mbele. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa marehemu vilikufa kwa baridi, vikakatwa.

Muuguzi aliyemfunga vidonda hivyo ndiye mama yetu. Alipoposwa alimwambia, "Nitakubali ukiacha mlima."

"Nikiacha," baba alisema, "nani atawaogopea wale wanaopanda?"

Mama alikubali, wakafunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979. Lakini tusifichane: nyumba yetu iliishi kwa hofu. Baba akiwa juu, mama alisugua sufuria zilizokwisha kutakata, nasi tulijua kwamba si wakati wa kumwuliza kitu. Simu ikilia, kila mmoja alimtazama mwenzake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na baba aliwageuza wengi wakiwa wanakiona kilele. Walimtukana njia nzima, lakini walifika kwao.

Mwaka 1991, baada ya joto lisilo la kawaida, alimsihi seremala asipande. Seremala alimpiga begani, akasema, "Acha uzee, Mwoga wangu," akaenda. Ukuta ulimporomokea. Baba alimtafuta hadi wenzake walipomshusha kwa nguvu. Seremala hajapatikana hata leo.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Miaka mitatu iliyopita alianza kupoteza kumbukumbu. Alisahau majina yetu, akasahau mlango wa chooni, lakini hofu haikumsahau. Mchana kweupe alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akauliza, "Mmemtoa?" Tulimwita mpima ardhi, akaja na mkongojo wake, akaketi karibu naye.

"Nimetoka, kaka. Ndiyo mimi huyu."

Baba alimpapasa uso. "Ndiyo wewe. Na yule?"

Mama akavishika vidole vyake vilivyoachwa na baridi, akasema, "Yule alikwenda mwenyewe, baba watoto. Wewe hukumwachia."

Baba alimtazama, kisha mikono ikalegea. Hakuuliza tena. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Agosti, mama akiwa ubavuni mwake.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake mdogo, na mpima ardhi, ambaye familia inamhesabu kama ndugu wa tumbo moja.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo na hofu. Pumzika sasa, Baba.