Maisha ya Verla Stenquist, Mdemokrat wa Mwisho wa Brandvold

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliokimbilia viti vya nyuma kama kawaida yenu, poleni na asanteni kwa kuja, familia imenituma mimi Luanne, binti wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu, na kwa kuwa mwenyewe alichukia hotuba ndefu, nitajitahidi.

Mama Verla alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, katika shamba la wazazi wake kusini mwa Brandvold, Dakota Kusini, akiwa mtoto wa nne wa Halvor na Inga Tveit, na utotoni mwake aliona umeme ukiingia nyumbani kwao kupitia ushirika wa wakulima uliokopeshwa na serikali ya Wademokrat, siku ambayo babu Halvor aliwasha taa mchana kweupe, akakataa kuizima, akaapa kwamba yeye na uzao wake watakuwa Wademokrat mpaka kaburini. Enzi hizo haikuwa ajabu, maana kusini mwa reli inayokata mji wetu karibu wote walikuwa Wademokrat na kaskazini Warepublican, wakitaniana kanisani, wakiazimana matrekta, na siku ya uchaguzi wakila pai pamoja katika ukumbi ulio chini ya kanisa hili. Jamani, ulikuwa mji mtamu!

Alianza Shule ya Brandvold Septemba 1947, akahitimu Mei 1959, akaajiriwa jikoni mwa shule hiyohiyo, akawapikia wengi wenu mlioketi hapa, hadi shule ilipofungwa Mei 2003. Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Orrin Stenquist, kijana wa kaskazini mwa reli, Mrepublican wa kuzaliwa, huku babu Halvor akimtoa bintiye uso umemkunjamana kama aliyelamba limau. Walijaliwa watoto watatu, Dale, mimi na Gwen, tukakua tukiwasikiliza wakibishana mpaka kahawa inapoa, halafu wanaondoka wameshikana mikono kwenda kukamua ng'ombe.

Mwaka 1970 Mama aliapishwa kuwa msimamizi wa kituo cha kura, kwa utaratibu wa kaunti yetu kwamba mezani lazima aketi mtu wa kila chama, na hapo alikaa wakati mji ukipungua, maghala ya nafaka yakifungwa, vijana wakihama, na waliobaki wakivuka mmoja mmoja kwenda kwa Warepublican, wengine kwa hasira, wengine kwa kufuata jirani, mpaka akabaki Mdemokrat peke yake katika orodha ya mji. Mlimtania, "Verla, mkutano wa chama chenu mnafanyia wapi, kabatini?" naye akawajibu, "Njoo bwana, nafasi zipo tele!"

Agosti 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, na kaunti ikamwarifu kwamba asipopatikana Mdemokrat mwingine wa kukaa mezani, kituo cha Brandvold kitafungwa, sote tukapigie kura mji wa Kessler, maili arobaini kutoka hapa. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa, kwa kuwa alijua wazee hawataendesha gari hadi huko theluji ikianguka, na ya kuwa ile ndiyo siku pekee iliyobaki ambayo mji mzima unaonana uso kwa uso. Aliwapigia simu mliokuwa mkimnong'oneza kwamba moyoni mko naye, na kila mmoja akawa na udhuru, mara duka, mara mkwe, mara watu watasemaje. Sitaji majina, mnajijua.

Jumatatu, tarehe 23 Septemba, Baba alivaa koti la kanisani, akaondoka na gari bila kuaga, akarudi mchana amejiandikisha kuwa Mdemokrat, yeye, Orrin, mwenye miaka themanini na minne. Mama alicheka mpaka akapaliwa, kisha akalia, akamshika mkono, akamwambia, "Mzee wewe, jina wape, lakini kura ya huruma siitaki. Piga ulivyopiga siku zote, la sivyo nitakuja kukusumbua usingizini."

"Kwani nilikuwa na mpango mwingine, bibie?" Baba akajibu, naye machozi yakimtiririka.

Mama alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, Baba akiwa kando yake, ameacha mgane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa jikoni na wa meza ya kura, na majirani mliotuvunia soya bila kuombwa, hata wale ambao simu yake iliwashinda, maana tuliwaona shambani na tunajua mlikuwa mnaomba radhi. Baba ameniagiza niseme kwamba tarehe 5 Novemba kituo kitafunguliwa papa hapa chini saa moja asubuhi, yeye atakuwa kwenye kiti cha Mama, hajui kuoka pai kwa hiyo mlete, na mpige kura mpendavyo, ila mje.

Pumzika, Mama Verla. Mlango wa kituo tutaufungua sisi.