Jino Alilojing'olea Fundi Kufuli

Aliyemweleza kwanza mkaza mwana wa marehemu ukweli wa ugonjwa uliomuua ni muuguzi wa wodi ya moyo, na kwa kuwa yapo maneno yaliyosemwa jikoni, familia imeomba ukweli huo usomwe hapa mazikoni.

Baba yetu, Fundi Kufuli, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na mwaka uliofuata akaanza kuchonga funguo kwa mjomba wake, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka hamsini bila kumwacha mteja alale nje ya mlango wake. Alifunga ndoa na mama yetu, aliyemtangulia, tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano, na yule wa mwisho, mwenye miezi minane, alizoea kulala kifuani pake.

Moyo ulimsumbua tangu ujana, na tarehe 9 Juni 2014 aliwekewa vali bandia, akaonywa asing'olewe jino kabla ya kumeza dawa ya kinga. Februari mwaka huu homa zilimwanza, akakonda, na shangazi akasema mtoto huyo mchanga ndiye aliyemwambukiza mzee, basi mkaza mwana, aliyekuwa akimlisha na kumfulia, akampeleka mwanawe kwa bibi mzaa mama, akabaki na lawama moyoni.

Alipolazwa, damu yake ilikaa maabara siku kumi na mbili ndipo kijidudu kikaonekana, kijidudu adimu cha kinywani, kinachokua polepole, kilichojishikiza kwenye vali, na muuguzi akasema mtoto hahusiki kabisa. Marehemu alipoulizwa kama aling'olewa jino, alifunua kinywa, akaonyesha pengo.

"Nimeling'oa mwenyewe, kwa koleo ya kazini. Nimefungua kufuli ngapi, jino ndilo linishinde? Dada, mwombe mkweo radhi."

Shangazi aliomba radhi, na ameridhia haya yasomwe.

Alitibiwa kwa dripu wiki tano, lakini vali ililegea, akafariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, usingizini.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na watu wa maabara waliosubiri bila kuchoka, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo.

Pumzika, Baba, kazi umeikabidhi salama. Mkaza mwana wako si msemaji, ila hili ameomba lisomwe: asubuhi iliyofuata baada ya wewe kukiri, alimfuata mtoto kwa bibi yake, akamleta wodini, akamlaza kifuani pako, na muuguzi akajifanya haoni.