Maziwa ya Usingizi

Ndani ya boti ya kutoka Kagunga kwenda Kigoma, Anifa alipakata kibuyu cha maziwa ya mgando. Yalikuwa ya kumletea usingizi mdogo wake Rahabu, asiyepata usingizi tangu wakimbie Burundi.

"Wataalamu wanalichunguza hilo, mama," alisema kijana aliyeketi kando yake, mwanafunzi wa uuguzi, Anifa alipomweleza. "Huenda bakteria wa tumboni huzungumza na ubongo. Ila wamepima zaidi kwa panya. Dawa za zahanati asiache."

"Dawa atameza, maziwa atakunywa. Panya walale, Rahabu akeshe?"

Kijana akacheka, akachomoa kizibo anuse. Kibuyu kilikuwa kimepigwa jua tangu asubuhi. Maziwa yakafoka, yakamwenea shati zima. Boti ikagusa ufuko.

"Mama, hata samahani?"

"Sikuombi. Nusu ya usingizi wa Rahabu umeivaa wewe."