Godoro Katikati ya Wimbo

Kwenye treni, mwalimu wa kwaya aliyeketi mbele yangu alimlalamikia fundi cherehani aliyekaa naye. Waimbaji wake walijifunza wimbo wa kuabudu kwenye simu, wakajifunza na tangazo la godoro lililoingia katikati. “Na kesho tunamzika mama yangu kwa wimbo huohuo, dada.”

“Si mlikate hilo tangazo?”

“Besi wamegoma! Wanasema ni hapo tu wanapoimba peke yao.”

“Makubwa! Marehemu mwenyewe alikuwa anauonaje?”

“Ndiye aliyeniponza. Wakifika kwenye ‘lala bila maumivu’ ya godoro, alikuwa analia, anaitikia amina.”

Mimi naamini biashara haina nafasi madhabahuni. Treni iliposimama, mwalimu alishuka akiuimba kwa sauti ya chini, godoro likiwemo. Nikajikuta nimeitikia amina.